Ulimi Uliponihama

Jumatatu, 7 Aprili

Daftari hili nimepewa leo na Bi Swabra, afisa lishe wa kliniki ninakotibiwa ini. Ameniagiza niandike kila nilacho, kwa sababu kila nikiketi mbele yake na kuulizwa nasema niko sawa, na neno hilo, anasema, halijamsaidia mgonjwa hata mmoja. Juu ameandika kwa mwandiko mzuri: Kefa Momanyi, miaka 54, Magongo.

Vyakula nimeviandika kuanzia mbele. Haya naandika kuanzia nyuma, nimeligeuza daftari, naye hana haja ya kufika huku. Nyumbani sina wa kuzungumza naye. Mke wangu Emmaculate yuko Nyamira, anafundisha shule ya msingi na kuangalia shamba, mwaka wa sita sasa. Mwanetu Bonface ana maisha yake Nakuru. Chumba changu kina meza na viti viwili. Kiti cha pili nimekifanya cha kuwekea nguo.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua ya kwanza ya masika. Samaki wa kuchemsha na wali. Miguu ilipovimba tena mwezi wa pili daktari alinikataza chumvi na kunipa vidonge vya kupunguza maji. Tangu hapo chakula hakina maana. Nadhani ni hiyo chumvi.

Ijumaa, 11 Aprili

Bi Swabra aliniuliza nafanya kazi gani nikamjibu, "Ghalani." Si uongo, ila si ukweli wote. Mimi ni mwonjaji chai. Miaka ishirini na sita nimesimama mbele ya meza ndefu kwenye ghala moja hapa Changamwe, nafyonza kijiko cha chai kwa sauti, naizungusha mdomoni, naitema kwenye ndoo, nasema ina nini na inakosa nini. Nikisema, huandikwa, na chai huenda mnadani kwa neno langu. Kanisani hunitania kwamba Msabato, asiyeruhusiwa kunywa chai, analishwa na majani yake. Huwajibu kwamba siinywi, naitema.

Leo vilikuwa vikombe mia na ishirini. Kuanzia cha arobaini hivi, vyote vilikuwa maji ya moto.

Nilimaliza. Nilitazama rangi, nikanusa majani yaliyotolewa maji, nikayabana kwa vidole. Mtu aliyekaa miaka mingi anaweza kusema mengi bila ulimi. Hakuna aliyegundua, isipokuwa labda Jumwa.

Jumwa ndiye anayechemsha maji, kupima majani, kumimina na kupanga vikombe. Ana miaka ishirini na tisa, mwenyeji wa Junda, Mgiriama. Yuko nami mwaka wa nne na sidhani tumezungumza kwa jumla nusu saa. Nikimwita huitika "Abee" na kuja, basi. Namwona ana majivuno. Akinipa kijiko hunitazama mdomoni, kama anayesubiri nikosee.

Jumapili, 13 Aprili

Nimejipima. Niliweka mezani sukari, chumvi, kipande cha ndimu, na majani ya mwarobaini niliyochuma kwa jirani. Sukari: mchanga. Chumvi: kama kulamba ufunguo. Ndimu ilinichoma lakini haikuwa chachu. Nikatafuna mwarobaini, jani baada ya jani kama mbuzi, nikisubiri uchungu. Haukuja. Nilitafuna majani yote.

Basi si chumvi.

Jumatatu, 14 Aprili

Uji. Mvua.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimepata njia. Nimemwambia Jumwa kwamba ni wakati ajifunze kuonja, kwa hiyo kila kikombe aanze yeye, aniambie anachokiona, ndipo mimi nionje na kumsahihisha. Aliniuliza kama nasema kweli. Nikamwambia kweli. Akaenda kunawa mikono, ilhali ilikuwa safi, akarudi na kukaza kilemba chake.

Sikutegemea furaha ile. Ilinichoma kuliko ndimu.

Maneno yake si ya kazi yetu. Ya kwanza alisema "imelala". Ya pili, "imechangamka, halafu inakatika katikati." Ya tatu inakausha meno. Nilizionja zote baada yake, nikatikisa kichwa kwa busara, nikaandika: hafifu, yenye nguvu lakini fupi, ina ukakasi. Alikuwa sahihi. Najua kwa sababu rangi na jani vilikubaliana naye.

Jumamosi, 19 Aprili

Sabato. Baada ya ibada kulikuwa na chakula cha pamoja. Akina mama wamepika mbuzi kwa nazi, watu wanakula wanafumba macho. Mzee wa kanisa akaniuliza mbona sahani yangu haipungui. Nikasema nina tumbo. Hawajui habari ya ini. Ukisema ini, mtu husikia pombe, na mimi pombe sijaigusa tangu nizaliwe. Nina homa ya ini aina ya B. Daktari anasema huenda niliipata utotoni, ikakaa kimya miaka arobaini ikilitia ini makovu. Lakini nani atakusikiliza hadi mwisho wa maelezo hayo?

Jioni Emmaculate alipiga simu. Aliniuliza habari, nikasema niko sawa. Akasema mvua huko imepiga vizuri. Nikasema hata huku. Tulizungumza dakika nne.

Naye hajui.

Jumatano, 23 Aprili

Uji mara tatu. Ni rahisi kumeza.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua siku ya sita mfululizo. Barabara ya ghalani ni matope hadi kwenye vifundo. Paa linavuja upande wa kusini. Vijana wametandika turubai juu ya mifuko na kuweka ndoo mbili. Usiku misuli ya vigimbi vya miguu inanikaza hadi nauma mto.

Jumwa ameanza kuchelewa kutoka. Anarudi kwenye vikombe vilivyopoa na kuvionja tena peke yake. Nilimkuta akizungumza na kikombe.

Ijumaa, 2 Mei

Wairimu, meneja wetu, alipita akakuta Jumwa anaonja. Akauliza nini hiki. Nikasema namfundisha, mimi sitakuwepo milele. Akasema vizuri, Mzee Kefa, ni wachache wanaofikiria wanaokuja nyuma. Jumwa alikuwa amesimama palepale na kijiko mkononi.

Nimeandika vyakula vyangu upande wa mbele. Uji, uji, mkate, uji.

Jumatatu, 5 Mei

Kliniki. Bi Swabra hakuniuliza kama niko sawa. Alifungua daftari upande wa mbele, akalisoma kwa kidole, ukurasa hadi ukurasa, bila haraka, mvua ikigonga bati. Kisha akasema, "Mzee wangu, wiki ya kwanza umeniandikia samaki, ndengu, mchicha, ndizi za kupika. Wiki ya nne ni uji mtupu. Ladha imekwenda wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Nilimwambia imekwenda, yote.

Akaniuliza tangu lini. Akaniuliza kama misuli inakaza usiku. Kama giza likianza kuingia naona vizuri. Kama kidonda kinachelewa kupona. Nikamwonyesha cha kwenye kidole, cha wembe, wiki ya tano. Kama mifupa inauma. Kila alichouliza nilikuwa nacho au nusu yake, na sikuwahi kudhani ni mambo ya familia moja.

Alinieleza polepole. Ini ndilo ghala la mwili kwa vitamini na madini mengi, na ghala langu lina makovu, halipokei vizuri wala halitunzi. Vile vidonge vya kupunguza maji vinatoa maji, lakini maji hayo yanatoka na madini ndani ya mkojo. Nami kwa kukosa hamu nimeacha kula vile vyenye kurudisha. Madini anayoyashuku kwanza ni ya zinki. Yakipungua, ulimi hufa ganzi ya ladha, na ladha ikifa mtu hali, na asipokula yanapungua zaidi. Alizungusha kidole hewani kunionyesha duara hilo.

Daktari amekubali nipewe vidonge vya zinki, nipimwe damu kwa ajili ya vitamini D na mengine. Nisinunue makopo ya vitamini ya mtaani, hasa yenye vitamini A nyingi na chuma, kwani ini bovu linaweza kuumizwa na kile ambacho mtu mwenye afya anakiita dawa. Nile kidogo mara nyingi: yai, samaki, maharagwe yaliyolowekwa, karanga. Nile kitu kabla ya kulala, mwili usijile wenyewe hadi asubuhi. Vidonge visikaribiane na chai.

Nilicheka. Akauliza ninachekea nini, nikasema hakuna.

Nilimwuliza ladha itarudi lini. Alisema huenda ni wiki, huenda ni miezi, na kwa wengine hairudi yote. Hakunidanganya. Kisha akauliza kama mke wangu amepimwa homa ya ini. Nikasema yuko bara. Akasema, "Bara pia kuna vipimo, mzee wangu."

Jumanne, 6 Mei

Yai moja. Kidonge cha kwanza.

Alhamisi, 8 Mei

Yai. Karanga. Ninatafuna kwa kuhesabu, kama mtoto anayelazimishwa.

Jumatano, 14 Mei

Usiku wa kuamkia leo ilinyesha kana kwamba mbingu haina kitako. Ghalani ndoo zilikuwa tano.

Ililetwa sampuli ya shehena kubwa iliyokuwa imelala upande wa kusini. Rangi yake ilikuwa nzuri, jani limenyooka. Jumwa alionja, akatema, akaonja tena. Akasema, "Mzee, hii ina ukungu. Mbali, lakini upo. Kama mkeka uliokunjwa mbichi."

Nilionja. Maji ya moto. Nilinusa, na pua yangu wiki hii ina mafua. Nikikataa shehena kubwa namna ile ni lazima aje mwonjaji wa pili, naye ataketi nami kutwa nzima, tutazungumza juu ya vikombe vingine pia. Nilimtazama Jumwa na kijiko chake. Nilisikia mtu akisema, "Mdomo wako umechoka. Hakuna ukungu hapa," na mtu huyo alikuwa mimi.

Hakubishana. Aliandika nilichosema. Vikombe vilivyobaki alivionja bila kusema lolote mpaka nimwulize.

Ijumaa, 16 Mei

Samaki. Nilitoa miiba yote nikasahau kumla.

Jumatano, 21 Mei

Shehena imeuzwa. Imeondoka leo. Mvua.

Jumapili, 25 Mei

Sijatoka. Jirani anasherehekea kitu, nyimbo zinapita ukutani. Nilifikiria kumpigia Emmaculate nikatafuta la kumwambia kwanza. Nilipolikosa, sikupiga.

Jumatatu, 2 Juni

Kliniki. Vitamini D iko chini sana. Nimeongezewa kidonge. Kwa zinki tunasubiri. Uzito umeongezeka nusu kilo na Bi Swabra ameuzungushia duara kama ushindi.

Jumanne, 10 Juni

Naandika nikiwa nimeketi kitandani, sijavua viatu.

Barua ya mnunuzi ilifika asubuhi. Shehena ya tarehe kumi na nne Mei imefunguliwa huko ilikokwenda, ina ukungu. Inarudishwa. Wairimu alituita ofisini mwake, mimi na Jumwa. Wairimu si mtu wa makelele. Alifunga mlango, akaweka ripoti yangu mezani, ikageukia kwetu.

Alisema chai hiyo ililowa hapa kwetu, hilo la paa ni lake na atalijibu yeye. Anachotaka kujua ni namna ilivyopita mezani. Alisema kuna mambo mawili tu. Ama ulimi haukuonja, ama kilichokuwa kikombeni si sampuli ya shehena ile. Mikebe ya sampuli ilichanganywa. Akasema, "Ulimi wako siutilii shaka, Mzee Kefa." Kisha akamgeukia Jumwa.

Jumwa alikuwa amesimama wima, mikono mbele. Alisema sampuli ilikuwa ileile, aliichota yeye mwenyewe. Wairimu akauliza, basi ukungu ulikwenda wapi? Jumwa alinitazama. Hakunitazama mdomoni safari hii, alinitazama machoni. Akasema, "Mwulizeni Mzee. Alikuwepo."

Wairimu akaniuliza. Nilisikia feni, na mvua. Nilijua neno lililotakiwa, lilikuwa fupi. Nikasema, "Sikumbuki vizuri."

Jumwa aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayethibitisha kitu alichokuwa amekidhania. Ameambiwa akae nyumbani hadi uchunguzi uishe. Alirudi chumbani kwetu, akaosha vikombe vyote vilivyokuwa vichafu, akavipanga, akachukua mwavuli wake akaenda.

Nilibaki na vikombe. Nimefanya kazi miaka ishirini na sita na sijawahi kumwekea mtu kosa langu. Nilidhani mimi ni mtu wa namna hiyo, asiyefanya. Kumbe nilikuwa sijawahi kubanwa.

Jumatano, 11 Juni

Ameletwa mtu wa kumimina. Vikombe havinyooki. Nilipitisha shehena tisa kwa macho.

Alhamisi, 12 Juni

Sikula.

Baadaye: nilikula yai kwa kuwa limeandikwa.

Ijumaa, 13 Juni

Nilikwenda kwa Wairimu kabla ya saa mbili, kabla vikombe havijamiminwa. Nilisema nimesimama. Nilimwambia kwamba Jumwa aliusema ule ukungu siku ileile, kwa maneno wazi, nami nikamnyamazisha. Akauliza kwa nini. Nikamwambia sina ulimi.

Hakuelewa. Basi nikaeleza yote, ini, chumvi, vidonge, zinki. Nilimwambia na la mwarobaini.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu Aprili. Huenda kabla."

"Na ripoti hizi zote za Aprili, za Mei? Zimekubalika. Hakuna nyingine iliyolalamikiwa."

"Hizo ni za Jumwa," nikasema. "Mimi nilikuwa naandika tu."

Alitazama dirishani, ambako hakuna kitu isipokuwa ukuta wa ghala jirani. Sikuweza kujua kama ana hasira au ana huzuni. Alisema kwamba ningemwambia Aprili angenipa likizo na kuniombea. Sasa hawezi kuniacha mezani hata siku moja. Nikasema najua. Aliniuliza kama nakunywa, akajizuia, akaomba radhi. Nilimwambia si yeye wa kwanza.

Nitahamia mlango wa kupokea mizigo, kuandika mifuko inapoingia. Amesema Jumwa ataitwa Jumatatu. Nikamwomba niende mimi kumwambia.

Jumamosi, 14 Juni

Habari hutembea. Kanisani mikono mitatu ilinipa salamu na kuondoka haraka. Mzee wa kanisa aliketi karibu nami akaanza mahubiri madogo juu ya kumrudia Bwana na kuacha siri. Nilimsikiliza hadi mwisho. Kisha nikamwambia jina la ugonjwa wangu na namna unavyoambukiza, nikamshauri na yeye akapimwe. Alishukuru, lakini Biblia yake aliihamisha kwenye paja la pili.

Jumapili, 15 Juni

Junda. Nilifika saa tano, mvua imepungua ikawa manyunyu. Niliuliza kwa kina Jumwa nikaonyeshwa. Mama yake alikuwa barazani amekalia mbuzi anakuna nazi. Alinikaribisha vizuri mno, na kwa makaribisho hayo nilijua kwamba bintiye hajamwambia kitu. Alisema Jumwa yuko likizo. Akaniita Mwalimu. Kumbe hilo ndilo jina langu nyumba ile.

Jumwa alitoka. Alinisalimu shikamoo kwa sababu mama yake alikuwepo. Tukasogea upande wa bomba la maji.

Nilimweleza nilichomwambia Wairimu. Nilisema anarudi kesho, na jina lake limesafishwa kwa maandishi. Alikuwa anasikiliza huku akikamua ncha ya leso yake iliyolowa.

"Nilijua ulimi wako umekufa," akasema. "Tangu wiki ya kwanza. Nilikosea kipimo siku moja nikakutilia majani mara mbili, ukasema chai ni hafifu."

Niliuliza kwa nini hakusema.

"Nilingoja uniambie. Nikasema, labda anaona aibu, ataniambia akizoea. Kisha ukasema utanifundisha, nikafikiri hii ndiyo namna yake ya kuniambia." Akaiachia leso. "Ningekuonjea mpaka upone. Hukuwa na haja ya kunidanganya."

Nilisema nisamehe. Alisema amesikia.

Hakusema amesamehe. Alisema kazini atakuja kesho, kwa kuwa ni kazi yake. Mama yake alinifungia nazi mbili nikazibeba hadi Magongo. Jumwa nimemfikiria mwenye majivuno kwa miaka minne. Alikuwa ananitazama mdomoni ili ajifunze.

Jumatatu, 16 Juni

Mlango wa mizigo. Mifuko 640. Jumwa amekuja, amepita kwa mlango mwingine.

Alhamisi, 19 Juni

Mifuko 580. Yai, maharagwe, ndizi.

Jumamosi, 21 Juni

Jua lilipozama nilimpigia Emmaculate mimi, kabla hajapiga. Nilimwambia moja kwa moja kwa kuwa nikizunguka sifiki. Nilimwambia jina la ugonjwa, miaka miwili niliyoficha, na kwamba yeye na Bonface wapimwe wiki hii.

Kisha akasema, "Baba Bonface, Krismasi mbili hukuja nyumbani."

Nikasema miguu ilikuwa imevimba, nisingeweza kukaa kwenye basi.

"Mimi nilijua una mwanamke huko. Nimeshaomboleza. Nimemaliza." Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya wanafunzi. "Sasa unaniambia ni ini."

Nilimwambia hakuna mwanamke, hajawahi kuwepo. Alisema ananiamini, na kwamba hajui kama ni nafuu. Mwanamke, alisema, angekuwa amenichukua. Hili nililichagua mwenyewe, kukaa peke yangu na yeye yuko hai.

Jumatatu, 30 Juni

Emmaculate hana. Bonface hana. Wote wameanza chanjo. Emmaculate amenitumia ujumbe wenye maneno sita na nimeusoma mara nyingi kuliko inavyohitajika. Kliniki: kidole kimepona. Misuli haikazi tena kila usiku. Ladha, nilimwambia Bi Swabra, bado. Nilimwambia pia kazi yangu ni nini hasa. Aliweka kalamu chini. Kisha akaja akaketi upande wangu wa meza, akakaa tu, hadi mgonjwa mwingine alipobisha.

Jumanne, 8 Julai

Asubuhi mbili bila mvua. Mifuko 700.

Jumapili, 13 Julai

Nilikamulia ndimu kwenye samaki, na pembeni mwa ulimi, kushoto, kuna kitu kilishtuka. Nilikamulia tena. Hakikurudi. Huenda ni kidonda cha jino.

Jumatatu, 14 Julai

Emmaculate alipiga. Dakika kumi na tisa. Nilimwuliza kama shule zikifungwa mwezi wa nane anaweza kuja. Alisema ataona. Hakusema atakuja.

Nimeondoa nguo kwenye kiti.

Ijumaa, 25 Julai

Wairimu aliniita jana. Jumwa yuko mezani kwa majaribio, chini ya mwonjaji anayekuja kutoka kampuni dada siku mbili kwa wiki. Anaonja vizuri kuliko anavyoandika. Ripoti zake wanunuzi hawazielewi: mkeka, usingizi, kucha za paka. Wairimu aliuliza kama naweza kuketi naye muda wa saa moja asubuhi nimpe maneno ya kazi. Nikasema ni juu ya Jumwa. Akajibu, "Ni yeye aliyeomba."

Leo nilikwenda. Ng'ambo ya dirisha anga lilikuwa jeupe, limekauka. Vikombe vilikuwa vimenyooka mstari mmoja. Jumwa alinivutia kiti upande wake wa meza, akanipa kalamu, kijiko akabaki nacho yeye. Hakuniita Mwalimu wala Mzee. Alianza kazi.

Alikwenda kikombe hadi kikombe, anasema la kwake, nami namtafutia la wanunuzi, na akiliona halilingani analikataa. Lilikataliwa mara nne. Kwenye kikombe cha kumi na moja alisimama. Alionja, akaonja tena, akafumba macho. Aliangalia namba kwenye mkebe akaniambia hii imetoka milima ya kwenu.

Nilikitazama. Rangi ya shaba, ukingo unang'aa. Nimezaliwa kwenye majani hayo, niliyachuma kabla sijajua kusoma. Alikuwa anasubiri niseme. Miaka yote ile mezani sijawahi kuulizwa chai nikasema nilichokisema leo.

"Sijui inasemaje," nikamwambia. "Niambie wewe."

Alinitazama machoni kwanza. Kisha akavuta kijiko kingine, akakaa nacho muda mrefu, akatema, akaanza kuniambia, polepole, akichagua, akirudi nyuma pale neno lilipopungua. Sikumpa neno la kazi hata moja. Niliandika yale yake, yote, kama alivyoyatamka, na alipomaliza nikamwomba aanze tena toka mwanzo.